Hekima ya Kilatini Isomwe Sentensi Nzima

Shule nyingi duniani zimeandika kwenye nembo au ukutani maneno haya ya Kilatini: Non scholae sed vitae discimus. Maana yake ni kwamba hatusomi kwa ajili ya shule, tunasoma kwa ajili ya maisha. Ni maneno mazuri, na mara nyingi husemwa kuwa ni ya Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1. Lakini Seneca hakuandika hivyo. Aliandika kinyume chake kabisa. Mwishoni mwa barua yake ya 106 kwa rafiki yake Lucilius anasema: non vitae sed scholae discimus, tunasoma kwa ajili ya shule, si kwa ajili ya maisha. Alikuwa analalamika.

Ukiisoma barua yote unajua analalamikia nini. Lucilius alikuwa amemuuliza swali la wanafalsafa: je, jambo jema ni kitu chenye mwili? Seneca analijibu hatua kwa hatua, kama mwalimu aliyebobea, na akishamaliza anaugeukia mjadala wenyewe. Anasema huku ni kucheza kete, kwamba makali ya akili yanachakaa kwenye mambo yasiyo na haja, na kwamba mambo ya namna hii hayawafanyi watu kuwa wema, yanawafanya kuwa wasomi. Anajilaumu pamoja na mwanafunzi wake, maana ni yeye aliyetoka kulijibu swali hilo kwa bidii zote. Sentensi ilipogeuzwa, lawama ikawa sifa, na shule zikaivaa kama nishani.

Jambo hilohilo limeyapata maneno mengi ya Kilatini yanayozunguka leo kwenye video fupi, fulana na chale za mwilini. Watu wanaoyapenda wana kiu ya kweli. Wanataka kauli iliyowahi kumsaidia mtu mwingine kuishi, na sioni sababu ya kuwabeza. Ila wanachopewa ni nusu sentensi. Ninaloliamini mimi ni kwamba anayetaka hekima hii imfae nyumbani na kazini ajifunze Kilatini cha kumwezesha kusoma sentensi nzima, na ile iliyoitangulia. Si lazima akiongee, wala si lazima aandike mashairi kwa lugha hiyo. Akiweza kukaa na aya moja, na kamusi pembeni, akajua nani anamwambia nani na kwa nini, inatosha. Na msemaji wa Kiswahili anakuja darasani na akiba ambayo wengi hawajui kuwa wanayo. Nitaifikia.

Maneno yaliyokatwa

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Si kila hekima ya Roma iliandikwa kwa Kilatini. Marcus Aurelius, aliyekuwa kaisari kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliandika tafakuri zake kwa Kigiriki. Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, alifundisha kwa Kigiriki, na maneno yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Na kinyume chake: si kila kauli ya Kilatini ni ya Warumi. Amor fati, "penda majaaliwa yako", inayosambazwa kana kwamba ni amri ya Wastoa, shule ya kale ya falsafa ya kina Marcus, Epictetus na Seneca, ni kauli ya Friedrich Nietzsche, Mjerumani wa karne ya 19. Kwa hiyo anayetaka kuwasoma Wastoa kwa Kilatini chenyewe, mlango wake ni Seneca.

Sasa tuichukue carpe diem, kauli inayojulikana kuliko zote. Inatoka kwenye shairi fupi la Horatius, mshairi wa Roma, mistari minane tu, lililotoka mwaka 23 KK. Anazungumza na mwanamke anayeitwa Leuconoe, na mwanamke huyu ana hofu. Anataka kujua miungu imempangia miaka mingapi, na amekuwa akizijaribu "nambari za Wababeli", yaani hesabu za wanajimu. Horatius anamwambia asiulize, kwa kuwa kulijua hilo si halali kwa binadamu. Huenda Jupita amemgawia vipindi vingi vya baridi, au huenda hiki ndicho cha mwisho. Chuja divai, anamwambia, na matumaini marefu uyapogoe yatoshe kwenye muda mfupi. Hata sasa tunavyoongea, wakati wenye husuda umeshakimbia. Halafu ndipo inakuja: carpe diem, quam minimum credula postero.

Carpe ni kitenzi cha kuchuma, kama unavyochuma tunda au ua. Chuma siku hii, ukiiamini kesho kidogo iwezekanavyo. Neno credula, "mwenye kuamini", lina mwisho wa kike kwa sababu anayeambiwa ni mwanamke. Sarufi yenyewe haikuruhusu umsahau Leuconoe. Ukimsahau, shairi linageuka kibali cha starehe, na ndivyo linavyotumiwa. Ukimkumbuka, unaona kwamba ni shauri kwa mtu ambaye wasiwasi wa kesho umempeleka kwa watabiri, na kwamba dawa anayopewa si tafrija. Anaambiwa achuje divai, kazi ya kawaida ya nyumbani, kwa kuwa divai ya wakati ule ilikuwa na mashapo. Mtu aliyelipa fedha asomewe nyota, au anayekesha akipiga hesabu za mambo yasiyo mikononi mwake, shairi hili linamhusu zaidi kuliko linavyomhusu mtu aliyeko ufukweni na glasi mkononi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mwafrika. Publius Terentius Afer, kwa mujibu wa Suetonius, mwandishi wa kale wa wasifu, alizaliwa Karthago, katika Tunisia ya leo, akawa mtumwa wa seneta wa Roma aliyeitwa Terentius Lucanus, ambaye alimsomesha kisha akamwacha huru. Aliandika tamthilia sita za kuchekesha, na zote sita tunazo. Katika ile iliyoonyeshwa mwaka 163 KK kuna mstari huu: Homo sum: humani nil a me alienum puto. Mimi ni mtu. Hakuna la kibinadamu ninaloliona halinihusu. Umewahi kuusikia kwenye hotuba za haki za binadamu na udugu wa mataifa, na mzungumzaji anapoutamka ukumbi hutulia.

Jukwaani mambo ni tofauti. Mzee mmoja tajiri, Menedemus, amenunua shamba na analilima mwenyewe kutwa nzima, anajichosha makusudi ilhali ana watumwa. Jirani yake Chremes anamwendea kumuuliza kulikoni. Menedemus anamjibu kwa kero: Chremes, shughuli zako zinakupa nafasi kubwa kiasi hicho, hata uhangaike na ya watu yasiyokuhusu? Na hapo ndipo Chremes anapotoa mstari wetu mtukufu. Ni jibu la jirani aliyeambiwa waziwazi kwamba anadukua.

Na hadithi haiishii hapo. Menedemus anafunguka: alimgombeza sana mwanawe kwa kumpenda msichana maskini, hadi kijana akaondoka kwenda uanajeshi Asia, na sasa baba anajiadhibu. Chremes anatoa mawaidha ya malezi, yenye busara kweli. Wakati huohuo mwanawe mwenyewe, Clitipho, ana mpenzi mla fedha, na mwanamke huyo anaingizwa nyumbani mwa Chremes kwa hila, mbele ya macho yake, wala hatambui. Nyani haoni kundule.

Je, basi wanaoutumia mstari huu kwa uzito wamekosea? Hapana, na hapa jambo linakuwa gumu zaidi kuliko kusema tu kwamba "kauli imetolewa nje ya muktadha". Seneca mwenyewe, katika barua yake ya 95, anaunukuu kwa moyo wote. Anataka uwe kifuani na mdomoni mwetu, kwa kuwa tumezaliwa ili tuwe na vitu kwa pamoja. Kwa hiyo tangu karne ya 1 mstari huu una maisha mawili, na mimi naona tuushike kwa mikono yote miwili. Kumjali mwenzako na kumchungulia huanzia mahali pamoja, na kabla hujagonga mlango wa jirani kumpa ushauri wa watoto wake, tamthilia inakuuliza kama unajua nani yuko chumba cha nyuma nyumbani kwako. Swali hilo haliwezi kutoka kwenye mstari peke yake. Linatoka kwenye mchezo mzima.

Mingine nitaipita haraka. Mens sana in corpore sano, "akili timamu katika mwili wenye afya", imebandikwa kwenye kumbi za mazoezi, na kampuni ya viatu ya Asics ilipata jina lake kutokana na toleo la kauli hiyo lenye anima badala ya mens. Juvenalis, mshairi wa Roma aliyeiandika, hakuwa anazungumzia mazoezi. Shairi lake la kumi linapitia vitu ambavyo watu huviomba kwa miungu, yaani madaraka, ufasaha, umri mrefu na uzuri, likionyesha jinsi kila kimoja kilivyowaangamiza waliokipata, na mwisho linasema: kama lazima uombe, omba akili timamu katika mwili wenye afya. Vox populi, vox Dei, tunayoifahamu majukwaani kama "sauti ya watu ni sauti ya Mungu", inapatikana katika barua ya msomi Alcuin kwa mfalme Karolo Mkuu, na Alcuin anamwambia mfalme asiwasikilize wanaosema hivyo, kwa kuwa ghasia za umati daima ziko jirani na wazimu. Unaweza kutokubaliana na Alcuin, na mimi sikubaliani naye. Lakini ni vizuri kujua unapingana na nani.

Akiba ya msemaji wa Kiswahili

Kilatini kina sifa ya kuwa lugha ngumu, na sifa hiyo kwa kiasi kikubwa imeenezwa na watu ambao lugha zao hazina vitu ambavyo sisi tunavyo tangu utotoni. Wanashangaa kwamba kivumishi lazima kikubaliane na nomino. Sisi tunasema kitabu kikubwa, mti mkubwa, jiwe kubwa bila kufikiri. Wanashangaa kwamba mtendaji anaweza kukaa ndani ya kitenzi. Sisi tuna napenda, unapenda, anapenda, na Mrumi ana amo, amas, amat. Tofauti ni kwamba sisi tunaweka alama mwanzoni na yeye anaiweka mwishoni. Irabu ni zetu zilezile tano, ingawa Warumi walitofautisha ndefu na fupi. Herufi c enzi za Seneca ilisomwa kama k, na v ilisomwa kama w. Matamshi ya Kanisa ni tofauti kidogo, na wazee Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanayakumbuka, kwa kuwa waliitikia Et cum spiritu tuo kila Misa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, kuzifungulia mlango lugha za watu.

Nenda chini ya mkwaju kwenye bustani ya mimea, usome kibao: Tamarindus indica. Mwanafunzi makini atasimama hapo. Nomino za mwisho wa -us kwa kawaida ni za kiume, na kivumishi chake kingekuwa indicus. Mbona ni indica? Kwa sababu Warumi waliihesabu miti kuwa ya kike, hata kama majina yake yana umbo la kiume, na wanabotania wameifuata desturi hiyo. Umbo linasema hivi, maana inasema vile, na upatanisho unafuata maana. Wageni huliona hili kama ukorofi wa lugha. Lakini wewe unasema kiboko amekufa, husemi kiboko kimekufa. Unasema kifaru mkubwa. Jina limevaa ki-, lakini kwa kuwa ni mnyama, kitenzi na kivumishi vinamfuata kama kiumbe hai. Ni kanuni ileile, na ulishaimudu kabla hujajua kusoma.

Chukua pia aya ya tatu ya Mwanzo katika Biblia ya Kilatini, tafsiri ya Jeromu: Dixitque Deus: fiat lux. Et facta est lux. Biblia yetu inasema: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Fiat ni hali ya kitenzi ambayo vitabu vya Kilatini huitengea sura ngumu za katikati, zenye majedwali ya kutisha. Kwetu ni iwe, aje, twende, waache waingie. Mtoto wa miaka mitatu anaitumia. Na facta ina mwisho wa kike kwa sababu lux ni ya kike, kama vile ikawa imeanza na i- kwa ajili ya nuru. Maneno machache tu, na kila tatizo la kisarufi lililomo limeshatatuliwa kichwani mwako kwa lugha nyingine.

Ugumu upo, na uko mahali pamoja hasa: miisho ya nomino. Sisi tunajua nani katenda na nani katendewa kwa mpangilio wa maneno na viambishi vya kitenzi. Mrumi anabadilisha mwisho wa nomino yenyewe. Canis hominem mordet ni mbwa anamuuma mtu, na ukipanga hominem canis mordet, bado ni mbwa anayeuma, maana -em imemwonyesha aliyeumwa. Kibaya zaidi, mwisho mmoja unaweza kufanya kazi kadhaa. Ile -ae kwenye scholae na vitae inaweza kuwa "ya shule", "kwa ajili ya shule" au "shule nyingi", na ni sentensi nzima tu inayokwambia ni ipi. Hapa hakuna njia ya mkato. Ni kurudia kwa sauti mpaka sikio lizoee.

Ndiyo maana simshauri mtu aanze na majedwali. Aanze na maandishi ambayo maana yake anaijua tayari, asome kwa sauti, na jedwali alifungue anapokwama. Kwa Mkristo, sura za mwanzo za Mwanzo au Injili ya Yohana kwa Kilatini zinafaa sana. Asiyezisoma Biblia aanze na Publilius Syrus, mtumwa kutoka Syria aliyeachwa huru, ambaye maneno yake ni ya mstari mmoja mmoja: Inopi beneficium bis dat qui dat celeriter, anayemtolea mhitaji upesi humtolea mara mbili. Maandishi haya ya kale hayana haki miliki na yanapatikana bure mtandaoni. Nusu saa kila siku inashinda Jumamosi nzima mara moja kwa mwezi.

Sentensi moja kwa ukaribu

Barua ya kwanza ya Seneca kwa Lucilius inafunguka hivi: Ita fac, mi Lucili: vindica te tibi, et tempus quod adhuc aut auferebatur aut subripiebatur aut excidebat collige et serva. Tuiendee polepole, kwa sababu humo mna mafunzo ya mwaka mzima.

Ita fac, fanya hivyo. Barua inaanza kana kwamba Lucilius ameshaandika kueleza nia yake, na Seneca anamuunga mkono. Kisha vindica te tibi. Vindicare ni neno la mahakamani. Mtu alilitumia kudai mali yake iliyoko mikononi mwa mwingine, na ndilo lililohusika mtumwa alipodaiwa kuwa mtu huru. Katika sheria ya Roma mtumwa hakuweza kujidai mwenyewe. Hakuwa na sauti mbele ya hakimu. Ilibidi mtu mwingine, raia huru, asimame na kutamka kwamba huyu ni huru. Sasa angalia alichokifanya Seneca kwa maneno matatu. Te ni wewe unayedaiwa. Tibi ni wewe unayerudishiwa. Na mdai, aliyejificha ndani ya kitenzi, ni wewe pia. Anamwambia Lucilius afanye jambo ambalo sheria haikumruhusu mtumwa yeyote: ajisimamie, ajidai, ajikabidhi kwake mwenyewe.

Kwa msomaji wa pwani yetu picha hii si ya mbali sana. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na chini ya amri ile mtumwa hakuamka asubuhi akiwa huru. Ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Wengi hawakwenda, na sababu zao zilikuwa nzito: makazi, shamba la kulima, watu waliowategemea. Uhuru wa kudaiwa una gharama kwa anayeudai. Lucilius naye alikuwa na cha kupoteza. Alikuwa afisa wa dola Sicilia, mwenye wageni, kesi na barua zisizokwisha.

Halafu vinakuja vitenzi vitatu kuhusu wakati, na hapa Kiswahili kinatusaidia. Kiambishi -ba- kinaonyesha jambo lililokuwa likiendelea, tena na tena. Wakati uliokuwa ukinyang'anywa, ukiibwa kwa siri, ukidondoka. Seneca hasemi kwamba siku moja Lucilius alipoteza muda. Anasema hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda miaka yote. Na ametofautisha hasara za aina tatu, tofauti ambayo ni ya kutumia, si ya kupamba.

Wakati wa kunyang'anywa unachukuliwa mbele ya macho yako: foleni ya barabarani, kikao kilichoitishwa saa tatu kikaanza saa tano, mgonjwa wa kumpeleka hospitali. Mwingine ni wajibu na unaubeba. Mwingine unahitaji mazungumzo na bosi au ndugu. Wakati wa kuibwa unachukuliwa bila wewe kujua, na sina haja ya kueleza sana kwa mtu mwenye simu mkononi: ulifungua kusoma ujumbe mmoja, ukajikuta kwenye video ya ugomvi wa watu usiowajua. Dawa yake ni ya mwizi: funga mlango, yaani simu ikae chumba kingine. Wakati wa kudondoka haukuchukuliwa na mtu. Uliponyoka kwa sababu hukuushika. Huo ndio Seneca anauita hasara ya aibu kuliko zote, inayotokana na uzembe. Tatizo la ushauri mwingi wa siku hizi kuhusu matumizi ya muda ni kwamba unatibu aina zote tatu kwa dawa moja. Mama mwenye kazi na watoto wanne, ambaye muda wake unanyang'anywa, anaambiwa azime arifa za simu.

Mbele kidogo Seneca anajibu swali ambalo msomaji ameshaanza kulifikiria: na wewe je? Anakiri kwamba yeye ni kama mtu mtumiaji lakini mwangalifu, ambaye hesabu zake ziko sawa. Hawezi kusema kwamba hapotezi chochote. Anaweza kusema anapoteza nini, kwa nini na kwa namna gani. Hiki ni kipimo ambacho binadamu anakiweza. Andika jioni mahali ulipoenda muda wa siku hiyo, bila kujipangia ratiba ya kishujaa ya kesho. Fanya hivyo kwa wiki chache kabla hujabadilisha kitu chochote.

Mahakama ya usiku

Kwenye kitabu chake cha tatu kuhusu hasira, Seneca anaeleza hesabu ya namna nyingine. Alijifunza kutoka kwa mwanafalsafa Sextius, aliyekuwa akiiuliza nafsi yake kabla ya kulala: leo umeponya ubaya gani wako? Umepinga kasoro gani? Umekuwa bora kwa upande upi? Seneca anasema taa ikishaondolewa, na mkewe, ambaye anaijua tabia yake hiyo, akishanyamaza, anaipitia siku yake yote. Hajifichi kitu, hapiti jambo juu juu. Mbona niogope kosa langu lolote, anasema, ilhali ninaweza kujiambia: angalia usirudie tena, kwa sasa nakusamehe.

Mifano anayoitoa haina ukuu wowote. Mjadala ule uliugombania mno. Yule mtu ulimwonya kwa ukali kuliko ilivyostahili, matokeo yake hukumrekebisha, ulimuudhi. Nimeirudia sentensi hiyo ya pili mara nyingi kuliko nyingine zozote za Kilatini, kwa sababu kila mzazi, mwalimu na msimamizi wa kazi ameitenda. Hatuambiwi kwamba onyo lilikuwa la uongo. Lilikuwa la kweli, na halikufanya kazi, kwa kuwa aliyelitoa alijali zaidi ukweli wake kuliko masikio ya aliyeambiwa.

Wanaofuata zoezi hili kwa kulisikia juu juu mara nyingi hulifanya kuwa kipindi cha kujipiga, wakaliacha baada ya siku chache. Wameikosa nunc tibi ignosco, "kwa sasa nakusamehe". Nunc, sasa, ni neno muhimu: msamaha una masharti, na kesho usiku kuna kikao kingine. Lakini ni msamaha, na umo ndani ya sentensi ileile yenye onyo. Mtu akisoma nusu ya kwanza tu, amebaki na hakimu asiye na huruma.

Kuna pingamizi linalostahili jibu. Seneca aliyeandika haya alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma. Mwanahistoria Tacitus anaeleza jinsi mshitaki mmoja alivyomshutumu kwa kukusanya sesterce, sarafu za Roma, milioni 300 ndani ya miaka minne akiwa karibu na mfalme. Alikuwa mwalimu, kisha mshauri wa kaisari Nero, na alibaki kando yake baada ya Nero kumuua mama yake mwenyewe. Barua 124 tulizonazo ni za miaka yake ya mwisho, alipokuwa amejitoa kwenye siasa, na mwaka 65 Nero alimwamuru ajiue. Baadhi ya wasomaji wakiyajua haya wanafunga kitabu. Wengine wanayaficha ili wabaki na mzee mwenye hekima. Nadhani wote wanakosa kitu, na barua ya 47 inaonyesha nini.

Barua hiyo ni kuhusu watumwa, na mwanafunzi wa miezi michache anaisoma mwanzo wake bila shida. Servi sunt. Immo homines. Ni watumwa. Hapana, ni watu. Ni watumwa. Hapana, ni wenzetu wa nyumba moja. Ni watumwa. Hapana, ni marafiki wa hali ya chini. Ni watumwa. Hapana, ni watumwa wenzetu, ukikumbuka kwamba majaaliwa yana nguvu sawa juu yetu sote. Kila mara pingamizi lilelile linarudi, na kila mara linajibiwa kwa kupanda ngazi moja. Maneno haya yalisemwa katika jamii ambayo mtumwa alihesabiwa kuwa mali, na hayajapoa. Anayeajiri msaidizi wa kazi za nyumbani, akamlisha makombo na kumwita "msichana" hata akiwa na miaka arobaini, ayasome jioni moja.

Halafu aendelee hadi aya ya 18. Seneca anahisi msomaji ataanza kumshuku: kuna atakayesema sasa ninawaita watumwa wavae pilleus, ile kofia ya walioachwa huru. Anajitetea. Alichosema, anaeleza, ni kwamba wamheshimu bwana wao badala ya kumwogopa. Hataki utumwa uishe. Anataka uwe wa upole. Mtu aliyeandika vindica te tibi alikuwa na watu nyumbani mwake ambao hawakuweza kujidai, na aliandika barua nzima juu yao bila kuwadai. Vipande vya barua hii vinavyosambazwa huishia kwenye "ni watu". Baada ya barua ya 1, ningemshauri mwanafunzi aje kwenye hii, aisome kwa Kilatini, na asiishie kwenye mistari ya mwanzo.